MKONO ULIOMTOA MAMA YANGU KWENYE BIMA

Kura zilipolingana, ukumbi mzima uligeuka kumtazama mtu mmoja.

Rafiki yangu!

Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Tulimwita Komredi, kwa sababu tangu tukiwa vibarua hakuweza kuona mtu anaonewa akanyamaza.

Nikatabasamu jamani. Nikajua yamekwisha, mama yangu ataendelea kutibiwa.

"Mwenyekiti, kura yako ndiyo itakayoamua," alisema bosi wa makao makuu kutoka kwenye skrini. "Unataka wazazi wabaki kwenye bima?"

Komredi akatazama meza.

"Au watoke?"

Mkono wake ukapanda...

Nyie! Ule mkono niliokula nao sahani moja ukapanda juu, nikiuona kwa macho yangu, ukamtoa mama yangu kwenye matibabu!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkadhani mwenzenu nimechanganyikiwa.

Mimi ni afisa ugavi kwenye shirika moja la kimataifa. Jina silitaji, nina mtoto wa kulea. Kazi yangu ni kufuatana na magari yanayopeleka dawa kule ambako lami imeishia.

Ukiniona na kile kitambulisho shingoni utasema huyu katoboa maisha. Mtaani waliniita Dola. Wee! Dola za wenyewe hizo.

Pale kazini kuna wenye mikataba ya kimataifa, na kuna sisi wa hapa hapa. Wao wakipata mafua wanapandishwa ndege. Sisi kanuni zetu za ajira ziliandikwa enzi za mashine za kuchapa. Mjamzito wa mkataba wetu alikuwa anapanda gari mpaka tumbo ligonge dashibodi.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka nikiwa safarini.

Ya pili nayo ikatoka safarini, nimekaa kiti cha mbele, dereva analia kuliko mimi.

"Basi tena," nilimwambia mume wangu. "Mimi mtoto wangu ni mama."

Na kweli mama alikuwa amegeuka mtoto wangu. Mkunga mstaafu, mcheshi, mwenye maneno mengi kama chiriku, ila figo zake zote mbili zilikuwa zimegoma. Kila baada ya siku chache alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, hospitali nzuri, kwa bima yangu. Hilo ndilo jambo jema pekee kwenye kanuni zile za zamani. Mzazi wako alihesabiwa kuwa mtegemezi wako.

Nikiwa safarini, Komredi ndiye aliyempeleka. Alimshika mkono akichomwa sindano, akamsikiliza hadithi zake zile zile, akacheka kama anazisikia mara ya kwanza.

"Huyu ni binti yangu wa pili," mama alikuwa akisema.

"Na mimi je?"

"Wewe unakuja kama mgeni. Huyu ndiye wa nyumbani."

Nilikuwa najifanya nimenuna.

Ndipo makao makuu wakatangaza kwamba wanarekebisha kanuni za ajira na stahili za wafanyakazi. Ofisi nzima ikashangilia! Kumbe tumeshangilia mapema.

Fungu ni lile lile, wakasema. Chagueni wenyewe. Ama wazazi wabaki kwenye bima, ama watoke, na fungu lao liende kwa wajawazito. Mjamzito akiambiwa na daktari alale, analala na mshahara wake kamili mpaka ajifungue.

Mmeuona ukatili huo? Wametupa kisu, halafu wanatuuliza tukate wapi.

Nilimhadithia mama akiwa amelala kwenye mashine.

"Lakini usiwe na wasiwasi. Komredi ndiye mwenyekiti."

"Na huo upande wa pili kuna nini?"

"Ah, mambo ya wajawazito. Hayanihusu."

Mama akanitazama usoni. Akanitazama shingoni. Akarudi tena usoni.

"Umekula leo?"

"Nitakula nyumbani. Harufu ya dawa za hapa inanitia kichefuchefu."

"Ehe..."

Akafumba macho. Nikadhani amechoka.

Sasa rudini na mimi pale ukumbini. Skrini imezimwa, watu wanakusanya viti, mimi namkimbilia Komredi kwenye korido.

"Kwa nini?"

Akaongeza mwendo.

"Komredi, nakuuliza! Wewe ndiye unayempeleka! Unajua akikosa ile mashine inakuwaje! Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia."

"Wamekupa nini? Cheo? Mkataba wa kimataifa?"

Machozi yakamtoka, tena mengi.

"Nichukie tu, dada. Nimeshakubali."

Basi nikamchukia. Nilimchukia kwa moyo wote, kama nilivyompenda.

Kanuni mpya zikaanza kutumika. Mama akahamia hospitali nyingine, ya foleni, yenye mashine zinazoharibika kila kukicha. Leo anasafishwa, kesho anaambiwa fundi hajaja. Miguu ikaanza kuvimba. Mimi na mume wangu tuliuza vya kuuza, tukabisha hodi kila mlango. Wapi!

Katikati ya hekaheka hizo nikaanguka bafuni. Mume wangu akanikimbiza kwa daktari.

"Una mimba," daktari akasema. "Tena si changa sana. Na kwa historia yako, kuanzia leo ni kulala. Hakuna safari, hakuna ofisi."

Nikapewa yale mapumziko. Mapumziko yaliyotokana na bima ya mama yangu! Siku naomba ruhusa kazini nililia mpaka mtu wa utumishi akatoka nje kunipisha.

Mama nilipomwambia, hakushtuka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Lala, mama," akaniambia. Tangu nizaliwe alikuwa hajawahi kuniita mama. "Lala, usiinuke kwa ajili ya mtu yeyote. Hata kwa ajili yangu."

Hali yangu ikawa mbaya, nikalazwa wodini. Huko wodini ndiko mume wangu alikonikuta asubuhi moja, akakaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kanga ya mama.

Hakuhitaji kusema.

Nilitaka kushuka kitandani. Wauguzi wakanishika. Daktari akaniambia nikisimama ninazika wawili.

Kwa hiyo mama yangu alizikwa nikiwa nimelala chali natazama feni.

Jamani, kuna maumivu na kuna maumivu. Hilo simtakii hata adui.

Jioni nikamuuliza mume wangu, "Nani alisimama mahali pangu?"

Akainamisha kichwa.

"Nani?"

"Komredi."

"Alithubutu!"

"Alisimama mwanzo mpaka mwisho. Watu walimsema hadharani, hakujibu. Mimi sikuweza kumfukuza."

Nikamgeuzia mgongo mume wangu siku nzima.

Kazini wenzangu walimng'oa uenyekiti. Wakamwita msaliti, hakuna aliyekaa naye meza moja wakati wa chakula. Nilipojifungua salama, alikuja hospitali. Nilimwona kupitia kioo cha mlango, kasimama na kifurushi.

"Mwambieni aondoke," nikasema.

Akaondoka. Akapiga simu, nikamfungia. Kifurushi alichokiacha mlangoni kilikuwa na kofia ya mtoto ya kufuma. Nikampa mama wa kitanda cha jirani.

Siku zikapita. Nikampeleka binti yangu chanjo, na pale kwenye benchi nikakutana na yule nesi aliyekuwa akimhudumia mama kwenye ile hospitali ya kwanza. Akanipa pole. Kisha akainama, akafunua shuka.

"Kumbe ndiye huyu?"

"Huyu yupi?"

"Yule mjukuu aliyepigiwa kura."

Nikacheka kidogo, nikidhani ni utani.

Nesi hakucheka.

"Hukuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

Akakaa kando yangu.

"Siku chache baada ya wewe kuja, yule rafiki yako alimleta mama. Mimi nilikuwa namfunga kwenye mashine, sikuweza kutoka. Mama akamshika mkono, akamwambia, 'Mwanangu ana mimba na mwenyewe hajui.'"

Nikamvuta binti yangu kifuani.

"Rafiki yako akasema twende tukamwambie. Mama akakataa. Akasema, 'Akijua atang'ang'ania kunichagua mimi. Atapanda lile gari, na hii nayo itatoka. Nimezalisha watoto wa watu maisha yangu yote, wa kwangu simpotezi. Paza mkono upande wa huyu mtoto.'"

"Akasemaje?"

"Alilia. Akasema, 'Mama, siwezi, atanichukia.' Mama akamjibu, 'Atakuchukia, ndiyo. Vumilia mpaka mtoto alie.' Akamwapisha pale pale. Na mimi akaniambia nifunge mdomo. Nilidhani kwa sasa umeshaambiwa."

Sikumbuki chanjo iliisha saa ngapi. Nakumbuka nimekaa sakafuni, akina mama wenzangu wananipepea.

Mama alijua kabla yangu! Alijua siku ile ile aliyonitazama shingoni, pale wakunga wanapoisoma mimba. Alinipigia kura ya kufa kwake, akatafuta mkono wa mtu mwingine wa kuipiga.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Komredi.

Akafungua mlango. Amekonda, nywele hazijasukwa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakayeyuka.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto.

"Alilia?" akauliza.

"Nini?"

"Alipozaliwa. Mtoto alilia?"

"Alilia sana, Komredi. Alilia mpaka wakamsikia koridoni."

Ndipo na yeye akalia. Akaketi pale pale kizingitini, akalia kilio alichokuwa amekifungia tangu siku ya kura, na mimi nikaketi kando yake, mtoto katikati yetu. Kila nilipotaka kumwomba msamaha alinizuia kwa kiganja, akimpapasa binti yangu kichwani.

"Usiniombe mimi," akasema mwishoni. "Mimi niliinua tu. Aliyekuwa ameushika ni mama."

Hajarudi kugombea uenyekiti. Anasema mkono wake umechoka. Kwa hiyo nimegombea mimi, na kanuni zinafunguliwa tena kurekebishwa. Ajenda yangu ni moja. Wasitulazimishe tena kuchagua kati ya mzazi na mtoto, wakati wao wanapanda ndege kwa mafua.

Nanyi mnaonisoma hapa, mkiwa mmemfungia mtu simu kwa jambo mlilomwona akilifanya, muulizeni kwanza alilifanya kwa niaba ya nani. Mimi nilikaa na jibu mlangoni kwangu, nikaamuru liondoke.

Na mkiletewa kanuni mpya kazini, someni pande zote mbili. Mimi upande wa pili nilisema haunihusu.

Kumbe nilikuwa nimeubeba tumboni.