Kelele za Upande wa Pili

Mtu akipenda, mimi namjua kwa mwendo tu, hata akiwa ng'ambo ya barabara. Ila mabinti zangu watatu walichumbiwa jikoni mwangu, nami nikidhani vijana wale wamekuja kutengeneza bomba. Haya, tuendelee.

Siku ile duka la santuri lilijaa hadi mlangoni. Tamasha la yule mwimbaji mkongwe, lililorekodiwa mubashara zamani, lilikuwa limetolewa upya, safari hii pamoja na maneno yote aliyosema jukwaani. Kwenye toleo la kwanza yalikatwa. Mshonaji, ndani ya gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe likamkaa barabara, aliikamata nakala ya mwisho. Mkono mwingine ukaikamata vilevile.

"Iachie, kaka."

"Kidoti?"

Moyo ukampiga paa. Aliyemwita hivyo ni mmoja tu: fundi redio, waliyeahidiana naye kukutana kwenye tamasha lilelile. Mshonaji alimngoja getini weee, akaingia peke yake, na kabla ya wimbo wa tatu akatoka analia. Kesho yake akampigia simu: "Nilikaa mpaka mwisho, tena na kijana mtanashati!"

"Afadhali," fundi akajibu. "Mimi hata sikuja."

Wakakatiana simu, miaka ikapita.

"Usiyekuja unainunulia nini?"

"Napenda nyimbo."

"Nyimbo zimejaa rafuni. Hii siiachii."

"Wala mimi."

"Nitakung'oa mkono, baba."

"Ng'oa, mpenzi. Uende nao nyumbani."

Kicheko kikamjia, akauma mdomo. Alishajiapiza: leo haondoki bila santuri, wala bila kujua kwa nini aliachwa getini.

"Jamani, mtaivunja!" muuzaji akalalamika. "Sikilizeni kwanza hii yangu."

Akashusha sindano upande wa pili. Makofi. Kisha sauti ya mkongwe: "We kijana wa shati la njano! Shuka kwenye spika yangu. Unatafuta nini?"

Sauti ya kijana ikajibu, inahema: "Basi limeharibika njiani, mzee! Namtafuta Kidoti wangu! Kidotiii! Nimekuletea pete!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Duka zima likamgeukia fundi, masikio yamemwiva.

"Hukuja, eh?" Mshonaji alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Muongo mkubwa wewe!"

"Ulishasema una mtanashati. Ningekuambia nilipanda spika nikachekwa na watu wote wale?" Fundi akasogea karibu. "Pete ninayo bado. Sitoki hapa bila jibu."

"Mh."

"Ila nieleze kitu kimoja, mpenzi. Si ulikaa mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa."

"Na ukumbi mzima ulinisikia nikikuita. Wewe na mtanashati wako mlikaa wapi?"

Kidoti akaiachia santuri.