Mshono wa Mto wa Kulalia

Apa kwanza kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa, na wewe ni wa saba kuambiwa.

Fundi cherehani aliingia chumbani kwa mwanawe giza likianza kutanda, mkasi kauficha kwapani. Waliokuwa uani aliwaambia anafuata mkeka. Walikuja kumpa pole huyo kijana wake. Mkewe alizikwa juzi.

Akarudishia mlango. Akachukua mto wa mwanawe, akafumua mshono. Hirizi ikamdondokea mapajani.

Aliishona humo mwenyewe, ili mwana ampunguzie mke mapenzi amrudie mama. Badala yake kijana akakonda, akawa wa kulala kutwa. Na nani alipaza sauti kwamba mkwe ni mchawi? Fundi huyo huyo, mtaa mzima ukisikia. Akamtoa binti wa watu nje na mvua yote ile. Binti alipiga magoti kwenye tope, akasema tu, "Mama, si mimi." Homa aliyoipata siku hiyo ndiyo iliyomzika.

"Nilifanya kwa mapenzi," Fundi alijinong'oneza.

Halafu, "Mbona wenzangu wanafanya makubwa kuliko haya."

Lakini wapi. Mdomo uliotamka mchawi ulikuwa wake. Hirizi nayo ilikuwa mapajani pake.

Sasa aufunge mshono kabla kijana hajaja kulala. Akapeleka uzi kwenye tundu la sindano... ukapita pembeni. Tena... pembeni. Macho yalimwisha nguvu, mwaka wa tatu huu. Uzi alikuwa akitiliwa na mkwe, kila asubuhi, kabla hata ya chai.

Harufu ya nguo zilizoloa ikajaa chumba.

Tone... tone... maji yakidondoka sakafuni, nyuma ya mgongo wake.

"Lete, mama. Nikutilie."

Vidole vya baridi vikagusa vyake. Sindano ikarudi kiganjani, uzi umo.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona.

Tone... tone... Maji tu.

Ndipo kilio kikamtoka, kile ambacho makaburini alikibania. Mlango ukasukumwa, taa ikawashwa, uani kote kumehamia mlangoni. Mto huu hapa, umefumuliwa. Hirizi hii hapa.

"Kumbe mkeka wenyewe ndio huo," shoga yake akasema.

Kijana hakupaza sauti. Aliitazama hirizi, akatazama sindano mkononi mwa mama yake.

"Mama," akauliza, "hiyo sindano nani kakutilia uzi?"