Pampu Iliyosuguliwa Bila Kufunguliwa

Siku hizi nasoma maendeleo ya kimataifa chuoni. Wenzangu wakibishana kuhusu mikutano na mikataba, mawazo yangu hukimbilia pampu ya mtaani kwetu. Jamani, nimekumbuka nyumbani.

Pampu ile tuliletewa na wafadhili kutoka ng'ambo. Ilipoharibika, hakuna aliyethubutu kuifungua. Kila Jumamosi tuliisugua na kukifuta kibao chenye jina lao, ili wakirudi waikute inang'aa. Tukasubiri mwaka mzima.

Nilikuwa darasa la saba. Kila asubuhi nilifuata maji kisima cha mbali, nikachelewa shule. Mwishowe mwalimu mkuu akaniambia, "Ukichelewa tena, jina lako nalitoa kwenye mtihani." Nilirudi nyumbani.

Jioni ile alipita jirani mpya, mama mmoja fundi wa pampu. Tulimwita Spana, maana spana haikumtoka mkononi.

"Dada, hii ina nini?" alimuuliza mama yangu, akiigusa pampu.

"Imekufa. Tunawasubiri wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

Mama akaonyesha kibao. Spana akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwani hao ndio wanaokunywa haya maji?"

"Usinicheke. Tukiiharibu zaidi, je?"

"Si imeshaharibika? Shika hapa."

Wakaifungua pamoja. Spana akachomoa kipande cha mpira kilicholika.

"Huu ndio unaovuta maji. Unalika kama soli ya kiatu. Kila mwaka ukagueni, ukiisha muubadilishe. Chagueni wawili wa kuitunza, nitawafundisha."

Akatoa mpira mpya mfukoni, akampa mama.

"Funga wewe."

"Mimi?"

"Mimi nikihama, utamsubiri nani?"

Mama alikosea mara mbili, akajibana kidole. Mara ya tatu maji yakatoka. Tangu hapo yeye na shangazi ndio watunzaji, na pampu haijalala hata wiki. Hayo ndiyo maendeleo ninayoyajua mimi. Waliotuletea pampu walifanya jema, ila walisahau kutufundisha, nasi tukasahau kuuliza.

Asubuhi iliyofuata baada ya maji kutoka, nilishika ndoo kama kawaida. Mama akaninyang'anya.

"Unakwenda wapi? Maji yamejaa. Vaa viatu."

Nilifika shule darasa halijafunguliwa. Nikakaa kwenye ngazi, machozi yakanitoka. Mwalimu mkuu akanikuta.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, mwalimu. Nimewahi."