Skurubu Iliyochubuka

"Kibano, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Ndege ya hao washabiki wa saa inaruka saa sita kamili. Una dakika ishirini kabla hawajaondoka hotelini. Ukimshika asiye mwenyewe, mwenyewe atatoweka na kadi."

Kibano akashika njia ya ukumbini. Alikuwa na hasira tangu jana.

Katika ukumbi wa hoteli, washabiki wa saa walikuwa wametandaza saa zao juu ya vitambaa laini. Omega, Seiko, Longines. Kila mtu aliisifia yake kana kwamba ameizaa. Walikuwa safarini kwenda kwenye maonyesho ng'ambo, na ndani ya saa mojawapo ilifichwa kadi ndogo ya kumbukumbu yenye majina ya majasusi wenzake Kibano kumi na wanane.

Ikivuka mpaka, wote kumi na wanane wamekwisha.

Fundi aliyelazimishwa kuificha alikutwa jana amenyongwa kwenye meza yake ya kazi. Mzee wa watu! Alikuwa mjomba wake Kibano, ndiye aliyemlea.

"Mkaguzi wa bima," Kibano alijitambulisha. "Naomba mzigeuze. Nakagua migongo tu."

Alipita meza moja baada ya nyingine, lenzi ya mjomba jichoni.

Meza ya tisa alisimama.

Skurubu sita. Mifereji yake yote imeelekea upande mmoja, kama mjomba alivyozoea kuifunga. Tano safi. Ya sita imechubuliwa vibaya. Mjomba aliyekuwa akimchapa vidole kwa mchubuko mmoja tu! Hakukosea. Aliichubua makusudi, iwe alama.

"Saa nzuri," Kibano alisema.

Mwenyekiti wa chama cha washabiki alitabasamu. "Haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani, dada."

"Hata mara moja?"

"Naapa."

"Basi hii nani kaichubua?"

Alimpa lenzi. Mwenyekiti hakuweza kujizuia, aliinama kutazama. Uso ukamshuka.

Mkono wake ukaruka ndani ya koti.

Kibano aliupiga kiwiko, ukalegea. Bastola yake ya Glock ikatua shingoni mwa Mwenyekiti. Meza ikapinduka, washabiki wakalala sakafuni wakizikumbatia saa zao.

"Unajiita mshabiki wa saa, na hukukagua hata skurubu!" Kibano alifoka. "Ulikuwa na haraka ya kumnyonga, sivyo?"

"Ni kazi tu, dada..."

"Mimi si dada yako, mshenzi we! Mimi ni mpwa wake."

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Alitamani kukivuta. Hakukivuta.

Askari walipomfunga pingu yule mtu, Kibano aliifungua saa. Kadi ikadondoka.

"Mkuu, ninayo."

"Safi sana! Na ndege?"

"Iruke tu. Itapungukiwa na abiria mmoja."

Aliiweka saa sikioni. Ilipiga sawasawa, bila kusita. Mzee alikuwa ameisafisha na kuitia mafuta, huku muuaji wake amemsimamia. Hilo lilimchoma Kibano kuliko yote.

Akaikabidhi saa iwe ushahidi, akavaa miwani ya jua na kutoka polepole kwa mlango wa mbele. Mazishi yalikuwa saa kumi, na lenzi ya mjomba ilikuwa mfukoni mwake.