Uzi wa Tano

Asmani alitoka Rumonge jua likiwa linashuka kwenye milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa juu ya baiskeli, na gitaa la besi limefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Alikuwa anakwenda Gatete kulirudisha.

Halikuwa limeharibika. Ila siku chache nyuma Nasoro, mfanyabiashara wa mawese aliyeifadhili bendi yao tangu zamani, alikuwa amerudi kutoka Bujumbura na gitaa jipya la besi. Jekundu, la kiwandani, lenye nyuzi nne. Alimkabidhi Asmani na kumwambia kwamba harusi zimeanza tena, watu wanataka kucheza, na yeye Nasoro hawezi kuendelea kuwapelekea wateja kile kipande cha ubao.

Gitaa jipya lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomsumbua Asmani. Lilikuwa jepesi begani. Sauti yake ilikuwa safi, na halikuhitaji kukazwa nyuzi kila baada ya wimbo. Lakini vidole vyake vilitembea juu yake kama wageni walioingia nyumba ya watu gizani, wanapapasa ukuta kutafuta mlango.

Lile la zamani alikuwa ametengenezewa na Jean-Pierre, seremala wa Gatete, mpiga solo wa bendi na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ilikuwa mwaka wa Uhuru, miaka kumi iliyopita, wakati kila kitongoji cha pwani ya ziwa kilitaka dansi. Jean-Pierre alikipima kiganja cha kushoto cha Asmani kwa uzi, akachonga shingo ya gitaa kukifuata. Akafunga nyuzi nne. Kisha, kwa kuwa Asmani alikuwa akilalamika kwamba anataka sauti ya chini zaidi, sauti ya kusikika tumboni kabla ya masikioni, akaongeza ya tano: waya wa breki ya baiskeli, aliouzungushia shaba kwa mkono wake mwenyewe.

Wapiga gitaa wa Bujumbura walilijaribu, wakacheka, wakalirudisha. Shingo nene mno, walisema, na ule uzi wa tano unawachanganya. Asmani hakuona uzito wowote. Dole gumba lake lilikuwa limekwisha kuchimba kishimo kwenye ubao, na kila noti aliijua ilipolala, hata akiwa amefumba macho.

Kisha ukaja mwaka huu wa sabini na mbili, na mauaji yake.

Mwimbaji na mpiga ngoma walivuka ziwa kwenda Kigoma, na hakuna habari yao iliyorudi. Mpiga ridhimu hakuna aliyejua alikoishia. Jean-Pierre alipandishwa kwenye lori asubuhi moja ya mwezi wa tano, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele zake. Hakurudi. Mwili wake pia haukurudi.

Asmani alibaki. Mkewe alikuwa amefariki zamani bila kumwachia mtoto. Miezi yote hiyo, kila jua likizama, alikaa kizingitini pake akapiga lile gitaa la nyuzi tano polepole, bila spika, ili nyumba isiwe kimya. Ndipo likaja lile jekundu. La zamani akalitundika ukutani.

Likaanza kuvuma.

Jioni tu. Uzi wa tano peke yake, mmmm... kama nyuki ndani ya debe. Mwanzoni Asmani alidhani ni mtikiso wa magari barabarani. Lakini siku ambazo hakuna gari lililopita, lilivuma vilevile. Akaona heri amrudishie Kabibi, mjane wa Jean-Pierre. Ni mali ya mumewe, alijiambia. Ndiyo haki.

Njia ya Gatete ilikuwa tupu. Michikichi ilisimama pande zote mbili, mikungu yake yenye matunda mabivu ikiwa haijakatwa, na harufu ya chikichi zilizooza ikapanda kutoka chini. Nyumba kadhaa milango yake ilikuwa imepigiliwa mbao. Hakukutana na mtu, wala mbuzi.

Alipokaribia kwa Jean-Pierre, akasikia randa.

Shrrr... shrrr... shrrr...

Moyo wake ulipata faraja kidogo. Alidhani Kabibi amekodisha karakana kwa seremala mwingine, apate chochote cha kula. Harufu ilikuwa ileile ya zamani, mbao mbichi na gundi ya moto. Akaegemeza baiskeli mgombani.

Kabibi alikuwa amekaa mlangoni, shuka limemfunika mpaka kichwani. Hakuwa amewasha moto wala taa. Asmani akamsalimia kwa Kirundi, amahoro, akamuuliza ni fundi gani amechukua karakana.

Kabibi aliweka kidole mdomoni.

"Ongea polepole, shemeji," alinong'ona. "Iko mu kazi."

"Nani?"

Kabibi alilitazama gitaa mgongoni mwa Asmani, kisha akauliza ameacha lini kulipiga. Asmani akamwambia: tangu Nasoro arudi kutoka Bujumbura.

Kabibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilokuwa akiliogopa. Akamweleza kwa sauti ile ile ya chini. Miezi yote tangu mumewe achukuliwe, karakana ilikuwa kimya. Watu waliingia wakabeba misumeno, patasi, kila kitu, hata randa. Mle ndani hamkuwa na chombo hata kimoja. Lakini tangu siku hizo chache zilizopita, jua likianza kuzama, sauti inaanza. Asubuhi akifungua mlango anakuta maranda sakafuni, mapya, yamejikunja. Na kuna kitu kinajengwa.

"Kumbe muda wote ule ulipokuwa ukilipiga, alikuwa kwako," alisema.

Shrrr... shrrr...

Asmani alitazama nyuma, kwenye njia ya Rumonge. Angeweza kupanda baiskeli. Badala yake alivuka uwanja mdogo, akausukuma mlango wa karakana.

Sauti ikakatika.

Hamkuwa na mtu. Mwanga wa mwisho wa jua ulipenya kwenye nyufa za mbao ukaonyesha vumbi likielea hewani, linashuka taratibu, kama linavyoshuka mtu anapoinua mkono kwenye kazi. Kipande kimoja cha maranda kilibingirika sakafuni, kikasimama mbele ya kiatu chake.

Katikati, juu ya benchi la kazi, palikuwa na sanduku.

Lilikuwa refu, kimo cha mtu. Pembe zake ziliunganishwa kwa meno ya mbao, bila msumari hata mmoja, na Asmani hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani. Halikuwa na kifuniko bado.

Kabibi alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. Alisema amefikiri sana, na yeye anaona hivi: mume wake hakupata sanduku, hakupata kaburi, ndiyo maana anajitengenezea mwenyewe. Lakini mwili wa kuweka haupo. Kitu pekee kilichobaki chenye jasho lake ni hilo gitaa. Waliweke humo, walizike nyuma ya nyumba sasa hivi kabla ya giza. Yeye atasali sala za kwao mumewe, Asmani asome anayoyajua.

"Mutu alale, shemeji," alisema. "Na mimi nilale."

Asmani akakubali. Lilikuwa jambo la haki, na mwanamke yule macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alilifungua gitaa kwenye kitenge akalilaza ndani ya sanduku.

Likatosha. Lilikaa bila kucheza kwenye mfereji uliochongwa kulifuata umbo lake. Ila kando yake, kwa urefu wote wa sanduku, ilibaki nafasi. Si kubwa. Ya kumtosha mtu mwembamba aliyelala ubavu.

Wote wawili waliiona.

"Nilipige mara moja tu," alisema Asmani. "Nimuage."

Kabibi hakutaka, lakini hakumzuia. Asmani akalitoa, akakaa kwenye ncha ya benchi. Dole gumba likaingia kwenye kishimo chake lenyewe. Akaanza na wimbo mwepesi waliokuwa wakiufungulia dansi, nyuzi za juu kwanza, kisha akashuka. Akapeleka kidole kwenye uzi wa tano.

Ulikuwa umekwisha kubonyezwa.

Kidole kilikuwa pale kabla ya chake. Alikigusa. Kilikuwa baridi, kigumu kwenye ncha, na kilikuwa na vumbi laini la mbao...

Nyuma yake, kwenye ubao wa benchi, mtu akagonga kwa kucha. Tak. Tak. Tak-tak. Ndivyo Jean-Pierre alivyokuwa akiwahesabia kuingia.

Asmani alitaka kulitupa lile gitaa akimbie mpaka ziwani. Lakini mikono haikusimama. Iliingia pale ilipohesabiwa, ikapiga, na kila iliposhuka kwenye uzi wa tano ilikuta njia imefunguliwa. Miezi yote ile alikuwa amepiga nusu ya wimbo, akiacha kwa mazoea nafasi ya wenzake ambao hawakuwepo. Sasa nafasi ilikuwa imejaa. Alilia huku akipiga, na hakuweza kujua ni kwa hofu au kwa furaha.

Alipomaliza, mwanga ulikuwa karibu umekwisha. Kabibi alikuwa ameushikilia mlango kwa mikono miwili.

"Sasa uliweke," alisema.

Asmani alisimama mbele ya sanduku. Alijaribu. Vidole vilikataa kufunguka. Alizitazama nyuzi, akaitazama shingo iliyochongwa kufuata kiganja chake, akafikiria kizingiti chake kule Rumonge, na jioni zote zilizobaki.

"Kesho," alisema. "Nitalirudisha kesho."

Kabibi alimtazama usoni. Hakupandisha sauti.

"Wewe hutaki alale," alisema.

Asmani alilifunga gitaa mgongoni, akapanda baiskeli.

Kesho yake hakwenda. Wala kesho kutwa. Alimrudishia Nasoro lile jekundu, akasema tu kwamba mkono wake umelikataa. Jua likizama alikaa kizingitini akapiga, akapeleka kidole kwenye uzi wa tano kwa matumaini na kwa hofu. Hakuna aliyemtangulia. Alipiga mpaka ncha za vidole zikachubuka, na uzi ulikuwa waya tu.

Mvua zilipokolea akasikia sokoni kwamba Kabibi amepanda mtumbwi kwenda kwa kaka yake Kigoma, na ameiacha nyumba bila kuifunga. Wiki hiyohiyo Asmani alibeba godoro na sufuria, akahamia Gatete, kwenye nyumba ile.

Watu waliongea. Wengine walisema amerogwa, na wengine kwamba yeye ndiye mchawi, amemfuga rafiki yake. Hakuna aliyemkaribia tena, isipokuwa Nasoro, aliyekuja jioni moja kumwomba akapige harusi Kabezi. Alikuwa amekuja na gitaa jekundu kwenye baiskeli, endapo atabadili mawazo. Asmani alimkaribisha karakanani, kwa kuwa ndiko alikokuwa akilala siku hizo.

Nasoro alimtazama chini ya taa.

"Umekonda sana, ndugu yangu," alisema.

Asmani akasema ni chakula tu. Nasoro akamuuliza, kwa upole, ni nini hasa kinachomshikisha kwenye kitu kile kizee, wakati wapigaji wote wakubwa wa Bujumbura wamebadilisha. Asmani akamjibu kama alivyomjibu kila mtu: limekaa mkononi. Na ulikuwa ukweli, ingawa si wote.

Macho ya Nasoro yakaenda kwenye sanduku.

"Ya nani hii?"

"Bado hajamaliza," alisema Asmani. "Amebakiza kifuniko."

Nasoro hakuuliza ni nani. Alitafuta kofia yake, akasema kumeanza kuwa giza, akatoka. Asmani alisikia mnyororo wa baiskeli ukienda mbio kwenye michikichi, hadi ukapotea kabisa, ikabaki sauti ya ziwa.

Akapunguza utambi wa taa. Akalichukua gitaa, akaketi kwenye benchi.

Kisha akasogea kidogo upande mmoja, kumpisha mwenzake akae.