Mama Anakatala Uyu Mupya

Soko la Kamina lilikuwa limefurika watu siku ile Constant alipotundika spika mlangoni mwa chumba chake cha michezo ya kompyuta. Alitaka milio ya risasi za bandia iwavute vijana. Iliwavuta wauza dagaa wa ng'ambo ya njia, waliokuja kumtukana mmoja baada ya mwingine. Nyuma yao akatokea msichana wa kitenge cha buluu, nywele zimesukwa kurudi nyuma, kitabu cha nyimbo za kwaya kwapani.

"Papa, weye hausikiake?"

"Nasikia nini?"

"Mutu anapiga bunduki ku kushoto, mulio inatokea ku kuume. Mashini yako iko na kichwa ya kugeuka."

Constant akakagua nyaya. Kweli, alikuwa amezipachika kinyume. Akainua uso kwa aibu, akakutana na kicheko cha yule msichana, na kuanzia hapo hesabu zake zote za maisha zikaharibika.

Aliitwa Talitha, binti wa mwalimu Josaphat, mwimbaji wa sauti ya pili pale kwa Wamethodisti. Akawa anapitia chumbani humo kila alipotoka mazoezini, anavaa spika za masikioni, anafumba macho na kutoa hukumu.

"Huyu adui anatembea ama anatafuna karanga?"

"Anatembea, chérie."

"Basi viatu yake ni ya karanga."

"Ngoja. Nitaagiza carte son ya nguvu. Mutu akikuya nyuma yako ndani ya mchezo, utageuka kabisa."

"Nikigeuka nitakuta nani?"

"Minyi tu," akajibu Constant, akijipiga kifua.

"Ah, basi usisumbuke, nitabakia naangalia mbele!" Lakini alikuwa amekwisha kuegemea bega lake.

Kadi ya sauti ikatoka Lubumbashi kwa gari la moshi, ambalo huku kwetu hufika likijisikia. Ilifika wiki ileile ambayo Jumapili yake Constant angekwenda na mama yake kujitambulisha rasmi kwa mwalimu Josaphat. Mama Constant, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa amekwisha kupiga pasi kitenge chake na kuwatambia majirani wa kambi nzima ya reli.

Sasa, mafundi wa kompyuta wa mjini hapa huzungumza na mashine kana kwamba ni watu wa ukoo. Ile carte mère, bamba kubwa linalobeba viungo vyote, wao huiita mama, basi. Na mama wa kompyuta ya Constant alikuwa mzee, ana sauti yake ya kuzaliwa nayo, wala hakuwa na haja ya mgeni. Constant alimchomeka yule mgeni, akamchomoa, akampuliza vumbi, akamchomeka tena. Kimya. Mwishowe akampigia simu rafiki yake Gamaliel, fundi wa Lubumbashi.

"Gamaliel, mama anakatala!"

"Anakatala namna gani?"

"Uyu mupya, hamutaki hata kidogo. Anataka tu ule wake wa zamani."

"Ulimubembeleza?"

"Tangu asubui! Nimechoka. Nitamutosha tu, nimurudishe kule alitoka."

Nje ya mlango, sahani ya maandazi mkononi, alisimama Talitha. Constant hakumwona akifika, hakumwona akiondoka. Aliona maandazi tu, kizingitini, akafurahi na kula.

Jioni akampigia Talitha simu: haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Keshokutwa yake akaja Ézéchias, baba mdogo wa Talitha, amevaa koti na tai, akasimama uani kwa Mama Constant na kukataa kiti.

"Binti yetu anasema, basi. Jumapili musikuye."

Majirani walikuwa wamejipanga uani kwao, mikono viunoni, hakuna hata mmoja aliyejifanya anafagia. Mama Constant akasubiri mgeni atoweke machoni, ndipo akamgeukia mwanawe.

"Minyi njo ya kutupwa mbele ya bantu? Ule mutoto hataingia kwangu. Hata ukufe naye, utakufia inje."

Constant akamvizia Talitha nje ya kanisa.

"Nilikosa nini?"

"Mama yako si ananikatala? Si anataka ule wako wa zamani? Si ulisema utanirudisha kule nilitoka? Nilisikia na hii masikio!"

Ndipo Constant akakumbuka ile simu ya Gamaliel na yale maandazi ya kizingitini. Akamshika mkono, akamkokota hadi kwenye chumba cha michezo, akaondoa ubavu wa kompyuta na kuelekeza kidole.

"Uyu njo mama."

Talitha akaangalia lile bamba la kijani. Akacheka mpaka akakaa chini, na alipokuwa chini akaanza kulia.

"Na mama wa kweli?"

"Wa kweli njo anakatala sasa."

Wakaenda wote wawili. Mama Constant alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Talitha akapiga magoti, akasalimia, mchi haukupumzika. Constant akaeleza yote: kadi, Gamaliel, bamba, jina. Mchi ukasimama.

"Kumbe minyi munaniitaka mashini?"

"Apana, mama, ni mashini njo tunaiitaka mama!"

"Ya kuzeeka? Ya kukatala-katala?"

Kila neno aliloongeza Constant lilizidi kumzamisha. Talitha akainuka taratibu, akanyoosha mkono kuupokea mchi, kama afanyavyo binti wa nyumba. Mama Constant akauvuta kifuani kwake.

"Mugeni hatwangake."

Akaingia ndani. Akatoka na bukari, ugali wa kwetu, na samaki kwenye sahani ya maua, ile ya kupokelea wachungaji, imefunikwa kitambaa cheupe. Akaiweka mbele ya Talitha, akamletea maji ya kunawa, akaongeza kiti chenye mto. Adabu kamili, bila kasoro hata moja. Constant alitamani mama yake atukane.

"Wafwako, mama," Talitha akashukuru kwa Kiluba.

Akanawa, akala. Akamega tonge dogo kama la mtoto, akalitafuna muda mrefu, akamega jingine dogo zaidi, maana sahani ikiisha tu, mgeni huaga.