Namba Iliyokuwa Chini ya Kikombe

Kitendawili! Kila asubuhi namshika sikio, namlisha unga, lakini mgongo wake sijauona. Umeshindwa? Usinipe mji bado. Soma kwanza.

Mimi naoka mikate ya kuuza. Mjukuu wangu ni mshonaji, na jioni huandika daftari la ukoo wetu. Ukurasa wa baba yangu ulikuwa na neno moja tu: askari.

Jumapili moja shemeji yangu alikuja. Huyo hakosi utani.

"Andika hivi," alimwambia mjukuu wangu. "Baba wa bibi yako alirudi nyumbani vita havijaisha. Miguu yake iliijua njia!"

"Yaani alitoroka?"

"Mimi sijasema. Watu ndio walisema."

Niliendelea kukanda unga. Baba alirudi akichechemea. Tukimwuliza, alijibu tu, "Nilianguka." Akafa na neno lake.

"Bibi, niandike au niruke?"

"Usiandike wala usiruke. Tuliulize jeshi lenyewe."

Tukatuma barua. Majibu yalikuja baada ya mwezi: wenye jina hilo ni wengi, leteni namba ya askari.

Namba tuitoe wapi? Tukaenda kwa jirani yetu, karani mstaafu wa masjala, aliyetunza mafaili maisha yake yote. Alisoma nakala ya barua yetu, akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"'Baba alikuwa mrefu, mcheshi, mpenda watoto.' Dada yangu, jeshini hakuna faili la wacheshi!"

"Haya, cheka ukimaliza utusaidie."

"Majina hufanana. Namba ni ya mtu mmoja. Askari wengi walichonga namba kwenye vyombo vyao visipotee. Mzee hakuacha chochote?"

"Hakuna. Labda kikombe chake cha bati, ninachopimia unga."

Nilipogeuka, mjukuu hayupo. Alirudi anahema, kikombe mkononi. Chini kilikuwa kimegandiwa na unga wa miaka. Ndani nakisugua kila siku, mgongo nauacha.

"Uvivu wako umetufaa," alisema karani. "Ungeusugua, ungeifuta namba."

Tulikilowesha kwa maji ya uvuguvugu. Karani akaweka karatasi juu ya bati, akapitisha penseli taratibu. Tarakimu sita zikajitokeza, moja moja.

"Sasa andikeni upya," alisema. "Jina lake kamili, mwaka na mahali alipozaliwa, na namba hii. Wekeni nakala ya cheti chake cha kifo, na ya cheti chako cha kuzaliwa, wajue wewe ni mwanawe. Nakala tu! Vyeti vyenyewe vibaki kabatini. Na muandike tarehe mliyotuma."

Tulifanya hivyo. Baada ya miezi miwili bahasha ikafika. Mjukuu alitaka kuifungua palepale.

"Ngoja Jumapili, shemeji awepo."

"Na kama kweli alitoroka, bibi?"

"Tutaandika alitoroka. Ni baba yangu vilevile."

Usiku ule sikulala vizuri, nisidanganye.

Jumapili nilimpa shemeji bahasha. "Wewe una sauti kubwa. Tusomee."

Akasoma. "Mbeba machela. Alitoa majeruhi kumi na wanne penye mapigano. Alipigwa risasi ya goti akimbeba wa mwisho." Sauti ilipungua. "Aliachishwa kazi kwa sababu ya jeraha. Kwa heshima."

"Goti," nikasema. "Na yeye alisema alianguka."

Shemeji alisimama, akavua kofia. "Nimekosa, shemeji. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kalamu hii hapa. Utaandika wewe."

Akaandika, ukurasa mzima, kwa mwandiko wake mkubwa. Alipomaliza nilimtazama.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Alikwenda vitani mikono mitupu, akarudisha wanaume kumi na wanne."

Siku hiyo shemeji hakunipa mji.

"Baba yako," alisema.